Karatasi Isiyokuwa Msumarini

Taa ya oili iliwaka saa tatu na robo asubuhi, injini ikiwa imeshapata moto vizuri. Ilikuwa taa ndogo nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone. Ilipepesa mara mbili, ikazimika, kisha ikawaka moja kwa moja kama mgeni aliyeamua kulala.

"Hiyo nini?" dada akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu aliyekwisha kuondoka.

"Inakusalimia."

"Mdomo, leo sitaki mchezo."

Mdomo ndiye mimi. Jina nililipata humuhumu gereji mwaka wangu wa kwanza, na sikulipata kwa kuimba vizuri. Dada yangu, aliyenizidi miaka sita na akili kiasi hichohicho, huniita kwa jina la nyumbani. Akiniita Mdomo najua amekasirika. Nikapitisha mkono dirishani, nikazima injini.

Gari lilikuwa lake, basi dogo la dizeli alilokuwa akiwapelekea wagonjwa wa figo hospitali kubwa ng'ambo ya mlima, mara tatu kwa wiki, kusafishwa damu. Kwa siku kumi na mbili lilikuwa kwangu. Nilishusha injini, nikaifungua yote, nikaifunga upya: pistoni mpya, beringi mpya, pampu ya oili mpya. Wagonjwa walisafiri kwa gari la kuazima mpaka juzi, lilipokosekana, nao wakakosa zamu yao. Zamu iliyofuata ilikuwa leo, saa tisa alasiri. Ili kuiwahi, gari litoke saa saba. Muuguzi aliwaambia kwa simu bila kuwaficha: mara moja mwili huvumilia, mara ya pili mfululizo, hataki hata kuizungumzia.

Walikuwa wameshafika, wote wanne, wamekaa kwenye benchi langu la wateja, kila mtu na kifurushi chake miguuni. Mama mmoja mshonaji alikuwa akipinda ukingo wa gauni ili mikono isikae bure. Mwishoni kabisa, miguu imevimba mpaka viatu amevikanyaga visigino, alikaa Mzee Msasa.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Aliitwa Msasa kwa sababu ya ulimi wake, na pia kwa sababu hakuna chuma alichoshindwa kukilainisha kwa mkono. Miaka minane nilikuwa chini yake, na katika miaka hiyo alinisifu mara moja, tena siku hiyo alikuwa na homa.

"Ni swichi," akasema kutoka kwenye benchi. Pumzi yake ilikuwa fupi, akikata maneno vipandevipande. "Swichi za siku hizi. Ukipiga chafya zinawaka. Chomoa waya, twende."

Nikamgeukia. Mtu huyuhuyu aliwahi kunisimamisha juani saa nzima, nimeshika geji mkononi, kwa kosa la kusema "ni swichi" kabla sijapima.

"Mzee wangu, nifunge geji kwanza."

"Funga. Funga basi. Wewe si ndiyo fundi sasa."

Nikaifungua swichi, mahali pake nikafunga geji ya kupimia presha ya oili, yenye mpira mrefu, ile ile aliyonikabidhi yeye alipostaafu. Dada akawasha. Injini ikanguruma vizuri, sauti tamu hasa, na ndiyo maana nilianza kuogopa. Injini ya dizeli inaweza kukuimbia hivyo huku krenki yake, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inajichoma ndani.

Sheria ya Mzee Msasa ilikuwa nyepesi. Injini ikiwa moto, ikinguruma polepole bila kukanyagwa, presha isiteremke chini ya paundi kumi na tano. Ikikanyagwa, ipande hamsini. Mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye nane. Dada akakanyaga mafuta. Mshale ukajikokota mpaka ishirini na mbili, ukagoma hapo.

"Zima!"

Nikasikia sindano ya mshonaji ikipenya kitambaa.

"Ikienda hivyo?" dada akauliza.

"Mpaka chini ya mlima itafika. Kule juu, ikiwa na mzigo na joto, oili haitafika kwenye beringi. Krenki itashika, isizunguke tena. Mtasimama kwenye kona, hakuna kibanda wala mtandao wa simu."

"Na tusipokwenda?"

Jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi, watu wanne. Dada alikuwa ameshampigia kila mwenye gari anayemjua. Mmoja alikuwa safarini. Mwingine gari lake lilikuwa na viti viwili, na cha pili kilikuwa na mbuzi.

Nikafanya jambo ambalo fundi yeyote hulifanya akibanwa: nikamtafuta mwingine wa kulaumu. Krenki ilikuwa imechongwa na mama mmoja mwenye karakana ya mashine, tunayemwita Unywele, kwa sababu kwake kila kipimo huhesabiwa kwa unywele. "Imezidi unywele," atakwambia, au "imepungua nusu unywele." Nikampigia.

"Unywele, krenki yangu uliichonga kwa mashine au kwa meno?"

"Nzuri, Mdomo, na wewe umeamkaje?"

"Nina presha nane hapa ikiwa moto. Nane! Beringi zimeachwa wazi, hakuna kingine."

"Nafasi ya kila beringi niliiandika kwa mkono wangu, nikaifunga karatasi kwenye krenki. Uliisoma, au ulifungia maandazi?"

Niliisoma. Nilipima pia mwenyewe, na ilikuwa sawa kila mahali. Nikakohoa.

"Haya," akasema, "pampu ulifunga ipi?"

"Mpya. Ya injini hii."

"Injini hii ipi?"

"Ya kava nyeusi. Si imeandikwa juu ya hicho kifuniko, maandishi makubwa kama tangazo la mnada?"

"Sijakuuliza kofia imeandikwa nini. Bloku uliyoniletea ilikuwa na vinyunyizio. Sita. Nilivipuliza hewa kimoja baada ya kingine, na cha tano kilinirushia uchafu jichoni, kwa hiyo hata nikizeeka nitakikumbuka. Injini za kava nyeusi hazina vinyunyizio, Mdomo. Vinyunyizio viko kwenye bloku za turbo."

"Hili halina turbo."

"Basi kuna mtu zamani alibadilisha bloku akaivalisha kofia ya zamani. Nenda kasome namba. Ukishasoma, nipigie uniombe radhi. Nitakuwa nakunywa chai, sina haraka."

Akakata.

Vinyunyizio nilikuwa nimeviona. Hilo ndilo lililonichoma. Ni vibomba vidogo vinavyorusha oili chini ya pistoni ili zisiungue, na siku ninaingiza pistoni nilizipitisha pembeni yake kwa uangalifu mkubwa, nisivipinde. Macho yaliona, mikono iliona. Mimi nilikuwa namsimulia jirani kisa cha mteja aliyetia juisi kwenye redieta, na tulikuwa tumefika pale patamu. Tena hata pampu: nilipoiweka mpya kando ya ya zamani, meno yake yalikuwa membamba. Nikacheka, nikasema siku hizi hata vyuma viko kwenye mlo wa kupunguza mwili.

Vinyunyizio sita vinakunywa oili nyingi. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ikiwa ya namna hiyo huhitaji pampu pana. Mimi niliifungia nyembamba.

Sasa lazima niwaambie habari ya msumari. Ukutani gerejini kwangu, juu ya meza ya kazi, kuna msumari mrefu aliougongomea Mzee Msasa kabla sijajua tofauti ya spana na kijiko. Injini yoyote ikiingia, kabla hujaagiza hata gasketi, unakwangua bloku kwa brashi ya waya, unaweka karatasi juu ya namba iliyochorwa kwenye chuma, unasugua kwa penseli mpaka namba itokee kwenye karatasi. Karatasi inatundikwa msumarini. Huruhusiwi kuisoma na kuiandika, kwa kuwa macho yanapenda kuona yanachotaka. Unasugua. Chuma kinajiandika chenyewe.

Nikaugeukia msumari. Ilikuwepo karatasi ya lori la mchanga. Ilikuwepo ya jenereta ya kinyozi. Ya gari la dada haikuwepo.

Nilipogeuka, Mzee Msasa naye alikuwa akiutazama. Heri angenitukana.

"Kuna mtu ana penseli?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ile pampu.

Hakuna aliyekuwa nayo. Mshonaji akapekua mkoba wake, akanipa chaki ya bluu ya kuchorea vitambaa na kipande cha karatasi laini ya kukatia mashati.

Nikaingia chini ya gari. Namba iko nyuma ya stata, mahali ambapo aliyeiweka bila shaka alikuwa na ugomvi na mafundi. Bloku bado ilikuwa ya moto. Nikaunguza kiwiko, nikaomboleza kwa lugha ambayo mbele ya wagonjwa haifai. Nikakwangua rangi. Nikabandika karatasi, nikasugua chaki. Tarakimu zikaanza kutokea moja moja, nyeupe ndani ya bluu.

"Ya mwisho ngapi?" Mzee Msasa aliita. "Moja au saba?"

Moja ni bloku ya kawaida. Saba ni ya vinyunyizio. Nikasugua tena, polepole, nikiiombea iwe moja, ingawa moja isingenisaidia chochote.

"Saba."

Nikatoka. Dada alikuwa amesimama juu yangu, funguo mkononi.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Si la Unywele, si la swichi. Nimefunga pampu isiyo yake. Sikusugua namba."

"Ya lori la mchanga ulisugua."

"Nilisugua."

"Ya kinyozi ulisugua."

"Ndiyo."

"Ya kwangu?"

"Ya kwako nilidhani naijua, dada."

Alinitazama kwa muda. Nyumbani kwetu hatupigani, tunatazamana. Afadhali kupigana. "Saa nne na nusu," akasema. "Nina mpaka saa saba. Sema unafanya nini."

Pampu pana kuipata dukani ni siku mbili. Ilibaki moja tu, ya zamani, ile niliyoitoa mwenyewe na kuitupa kwenye beseni la vyuma chakavu, si kwa kuwa ilikufa, bali kwa kuwa ukifungua injini yote unabadilisha na pampu. Nikalimwaga beseni sakafuni. Meno ya pampu yakapatikana. Nyumba yake ikapatikana. Bamba lake la kufunikia, kipande cha chuma bapa ukubwa wa kiganja, halikuwepo.

Nikatafuta chini ya meza, nyuma ya mtungi wa gesi, ndani ya tairi. Dakika kumi zikaenda. Mzee Msasa akaniangalia nikihangaika, halafu taratibu akainama kutazama miguu ya benchi.

"Mdomo. Benchi hili zamani lilikuwa linacheza."

"Lilikuwa linacheza."

"Siku hizi halichezi. Kwa nini?"

Kwa sababu wiki iliyopita nilitia kipande cha chuma bapa chini ya mguu wake mmoja. Wagonjwa wakainuka mmoja mmoja wakishikana mabega, nami nikalichomoa bamba kutoka chini ya kitako cha mwalimu wangu.

Lilikuwa na mikwaruzo. Nikaingiza vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi kati ya meno na nyumba ya pampu. Meno yalikuwa bado ndani ya kipimo, ila kwa upande wa bamba nafasi ilizidi.

"Unywele mmoja na nusu," nikasema.

"Lete kioo," Mzee Msasa akasema. "Na msasa mwembamba kabisa. Na oili."

"Mzee wangu, mikono yako..."

"Mikono ina figo?"

Nikamwekea kioo mapajani, msasa juu yake. Akalilaza bamba, akaanza kulisugua kwa kuzungusha, mviringo na mviringo, vidole vimevimba lakini havitetemeki. Kila mizunguko ishirini alikuwa anapumzika, akihema. Mshonaji akaweka gauni kando, akawa anamfuta jasho.

Mimi nikarudi chini. Nikamwaga oili ikiwa bado inaunguza. Nikaifungua sampu, lile sinia la chini linalobeba oili, bolti ishirini na nne, na kila moja ilikuwa imekazwa na mjinga mmoja mwenye nguvu siku nne nyuma. Kabla ya kugusa pampu nilikata filta kwa msumeno, nikaikunjua karatasi yake kwenye mwanga wa mlango. Kama beringi zimeshaanza kuliwa, humo utakuta unga unaong'aa, na hapo kazi imekwisha, hata uwe na pampu ya dhahabu. Nikaikunjua mkunjo kwa mkunjo. Dada alikuwa begani kwangu. Pumzi yake naisikia sikioni.

Nyeusi. Nyeusi tupu, hakuna kinachong'aa.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" akauliza.

"Ndiyo habari nzuri ya kwanza leo."

Saa sita kasoro kidogo Mzee Msasa akaninyooshea bamba. Lilikuwa limelainika kama sarafu mpya. Nikapima. Nafasi ilikuwa sawa, bila unywele wa ziada. Nikasubiri aseme neno la kejeli. Hakuwa na pumzi ya kusemea. Akafumba macho, akaegemea ukuta, na rangi ya midomo yake sikuipenda.

Pampu kavu hainyonyi oili, inazunguka bure. Kwa hiyo nikaipaka mafuta mazito ndani ya meno, nikaifunga, nikarudisha sampu na bolti zake zote ishirini na nne, nikafunga filta mpya, nikamimina oili mpya. Saa saba kasoro dakika kumi na tano nikachomoa waya wa dizeli ili injini izunguke bila kuwaka.

"Piga stata."

Dada akazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini ikazunguka. Mshale kwenye sifuri. Nikahesabu moyoni. Tano. Kumi. Mshale kwenye sifuri.

"Pumzika. Piga tena."

Tano. Kumi. Betri ikaanza kuchoka, sauti ikishuka. Mtu mmoja kwenye benchi alianza kusali kimyakimya. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mshale ukashtuka, ukaruka kama umechomwa sindano, ukapanda arobaini.

Nikarudisha waya, akawasha. Paundi sitini ikiwa baridi. Lakini hata pampu nyembamba ikiwa baridi ilinidanganya vilevile. Kuisubiri ipate moto pale gerejini kungekula nusu saa, na nusu saa hatukuwa nayo.

"Pakieni," nikasema. "Naenda nanyi."

Nikapitisha mpira wa geji chini ya boneti, nikauingiza kwenye dirisha la mbele, nikaifunga geji kwenye kioo kwa utepe. Mzee Msasa tulimbeba. Tulimweka nyuma yangu. Tukatoka saa saba na dakika nne.

Tambarare haikunitisha. Hamsini, hamsini na mbili. Kisha mlima ukaanza. Dada akarudisha gia ya tatu, akarudisha ya pili, na joto likapanda, na mimi sikuona mti wala bonde. Niliona mshale tu. Arobaini na nane. Arobaini na tano. Arobaini na tano. Nilikuwa nimesema nikiona chini ya thelathini tukiwa tunapanda, tunasimama, na dada hakuuliza tukisimama hapa tutafanya nini.

Karibu na kilele tukakuta barabara inatengenezwa. Kijana wa bendera akatuinulia nyekundu. Dada akasimama, mguu ukatoka kwenye mafuta, injini ikateremka kwenye mngurumo wake wa polepole, ikiwa moto kama haijawahi kuwa.

Mshale ukaanza kushuka.

Thelathini. Ishirini na sita. Ishirini na mbili. Mkono wa dada ulikuwa juu ya ufunguo, tayari kuzima ikipungua kumi na tano. Ishirini. Kumi na tisa.

"Ngapi?" Mzee Msasa akauliza nyuma yangu, macho amefumba.

"Kumi na nane."

"Inashuka?"

Nikasubiri. Katapila likapita mbele yetu, polepole, kama lina siku nzima. "Imekaa."

"Imekaa, au unataka ikae?"

Nikaweka ukucha kwenye kioo cha geji, usawa wa mshale, nikahesabu mpaka thelathini. Mshale haukuondoka kwenye ukucha.

"Imekaa, mzee wangu."

Bendera ikageuzwa, dada akaingiza gia, na tulipoanza kuteremka upande wa pili nikasikia mkoromo wa Mzee Msasa: alikuwa amelala. Mtu aliyekuwa hasinzii ndani ya gari nililolitengeneza mimi, hata kwenda sokoni tu.

Tulifika saa tisa na dakika sita. Muuguzi alikuwa mlangoni na viti vya magurudumu, akatazama saa yake, akatutazama, akaamua kutuhurumia. Wakaingizwa mmoja mmoja. Mzee Msasa wa mwisho. Kiti chake kilipofika kwenye kizingiti akakizuia kwa kiatu.

"Ile karatasi iko wapi?"

Nikaipapasa. "Mfukoni."

"Inakaa mfukoni?"

"Jioni itakuwa msumarini."

"Na yule mama wa mashine?"

"Nampigia sasa hivi, namuomba radhi."

"Muombe kwa sauti, asikie." Akaondoa kiatu, wakamsukuma ndani.

Unywele nilimpigia palepale. Alinifanya nirudie mara mbili, eti mtandao haushiki vizuri, na nyuma yake niliwasikia mafundi wake wakicheka karakana nzima.

Kisha tukabaki mimi na dada, ndani ya gari, milango wazi, injini ikilia tik tik ikipoa. Kiwiko changu kilikuwa kimevimba. Alikitazama, akatoa chupa ya maji, akakimwagia bila kuniuliza. Alikuwa bado amekasirika, nilijua kwa midomo yake.

"Tukirudi utanitafutia pampu mpya," akasema. "Iliyo sahihi."

"Nitasugua hata tairi."

Akaifunga ile chupa. Halafu akaniita kwa jina la nyumbani, akaniuliza kama nimekula.